Jaribu Dawa Yako Kwangu, Lakini Usinisahau Ikifanya Kazi



Kuna posti mbili ambazo hazifi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, kutoka Mukuyuni mpaka Wote mpaka Nairobi. Ya kwanza: "Dawa ya kansa imepatikana! Inamaliza uvimbe wa kila aina. Tuma kwa watu kumi." Ya pili: "Wazungu wanakuja kutufanya panya wa maabara. Kataa!" Ukifuatilia zilikotoka, mara nyingi utakuta zote mbili zimezaliwa na habari moja: kuna dawa mpya imeingia awamu ya kwanza ya majaribio, kwa wagonjwa ambao saratani yao imeshasambaa mwilini.

Moja inauza muujiza, nyingine inauza woga. Leo nagombana na zote mbili. Nikimaliza nitawageukia wale wanaotia sahihi mikataba kwa niaba yetu, maana hao ndio hasa nimewaandikia.

Awamu ya kwanza ni nini?

Dawa ikishajaribiwa kwenye seli na kwa wanyama, lazima siku moja iingie mwili wa binadamu wa kwanza. Kwa dawa nyingi, binadamu huyo ni mtu mzima mwenye afya aliyejitolea. Kwa saratani mambo ni tofauti. Dawa nyingi za saratani ni kali mno kumpa mtu asiyeumwa. Kwa hivyo wanaoombwa ni wagonjwa ambao saratani yao imefika mbali na dawa zinazojulikana zimeshindwa au zimeisha.

Njia iliyozoeleka iko hivi. Wagonjwa watatu wanapewa dozi ndogo. Wakiivumilia, watatu wengine wanapewa dozi iliyoongezwa. Mmoja akipata madhara makali, wanaongezwa watatu wengine kwa dozi ileile. Wawili wakiumia, ngazi hiyo inafungwa, hakuna kupanda tena. Kila hatua kuna kutolewa damu, kupimwa moyo, ini na figo, na kupigwa picha za mwili.

Sasa sikia vizuri. Swali kuu la awamu ya kwanza ni hili: mwili wa binadamu unavumilia dozi gani? Swali la kama dawa inaponya linakuja baadaye, awamu ya pili na ya tatu, na dawa nyingi haziwahi kufika huko. Daktari akimwambia susu yako "kuna dawa mpya, tujaribu", susu anasikia "nitapona". Daktari amemaanisha "tunatafuta dozi". Katikati ya sentensi hizo mbili ndipo watu wanapoumizwa, hata bila mtu yeyote kutaja uongo.

Tuongee namba. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya majaribio 460 ya aina hii yaliyofanyika kati ya 1991 na 2002, yenye washiriki karibu 12,000. Uvimbe ulipungua au ulipotea kwa takriban asilimia 11. Waliouawa na dawa yenyewe walikuwa karibu nusu ya asilimia moja. Mwaka 2022 ikatoka hesabu nyingine, ya majaribio ya 2000 hadi 2019 yaliyosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Hiyo ilionyesha asilimia ya waliosaidika ikipanda kutoka karibu 10 mwanzoni hadi 18 miaka ya mwisho.

Kwa hivyo, wewe uliyeshea ile posti ya muujiza, umeahidi kitu ambacho watafiti wenyewe hawajaahidi. Kati ya wagonjwa kumi, wawili tukiwa na bahati uvimbe wao utapungua. Na uvimbe kupungua haimaanishi mtu amepona. Kuna familia itauza ng'ombe na kipande cha shamba kwa sababu ya hiyo posti yako. Usiniambie ulikuwa unasambaza tu matumaini.

Na nyinyi wa panya wa maabara

Woga wenu haukutoka hewani, hilo nakubali. Mwaka 1996 kule Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwapa watoto dawa iliyokuwa bado kwenye majaribio, Trovan. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Mtu akitaja Kano, hiyo ni historia, na ana haki ya kuitaja.

Lakini kutoka hapo kuruka mpaka "tukatae majaribio yote" ni kujichoma kisu mwenyewe. Nitawaambia kwa nini.

Dawa ambayo haikujaribiwa kwa watu wetu itatufikia tu siku moja, na dozi yake itakuwa imepimwa kwa miili ya watu wengine. Mwaka 2015 Zimbabwe iliwahamishia wagonjwa wengi wa HIV kwenye dawa yenye efavirenzi, ambayo ilikuwa imeshapita majaribio yote makubwa. Wengi wakaanza kuona vitu visivyokuwepo, kuota ndoto mbaya na kuzama kwenye huzuni. Mwanasayansi wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, alikuwa ameshaonyesha sababu: Waafrika wengi wana aina ya jeni inayofanya mwili uchelewe kuivunja dawa hiyo, kwa hivyo dozi ya kawaida inakuwa kubwa mno kwao. Hakuna aliyewaroga. Walipewa dozi iliyopangwa bila wao kuhesabiwa.

Fikiria jambo hilo kwa dawa ya saratani, ambayo tofauti kati ya kusaidia na kuua ni nyembamba kama uzi. Kwa hiyo msee ukisema "wajaribie kwao kwanza, halafu watuletee", umechagua kuwa wa mwisho kujua kama dawa inakufaa au inakumaliza.

Tulishajaribiwa zamani, na tulisahauliwa

Hebu twende Kampala kidogo, kwa sababu hadithi hii ilianzia huku kwetu Afrika Mashariki kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe uliokua kwa kasi ya ajabu kwenye taya za watoto. Kisu hakikusaidia. Miaka ya mwanzo ya 1960, yeye akiwa Kampala na mwenzake Peter Clifford akiwa hapa Nairobi, wakaanza kuwapa watoto hao dawa za saratani zilizokuwa bado changa: methotreksati, siklofosfamidi na nyinginezo. Uvimbe ukayeyuka. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wakati madaktari wengi duniani walikuwa bado wanabisha kwamba dawa peke yake haiwezi kuponya saratani.

Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona ndani yake virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha matibabu na majaribio, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na John Ziegler, mkurugenzi wa kwanza wa kituo hicho, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa kabisa za tiba duniani.

Watoto wa Uganda na Kenya walikuwa daftari. Dunia ilisoma, ikafaulu mtihani.

Leo mtoto wa Ulaya au Marekani akipata uvimbe huohuo, nafasi yake ya kupona ni kama asilimia 90. Kwa mtoto wa huku, ulikojaribiwa, tafiti nyingi zinaonyesha nusu tu au chini ya nusu ndio wanaobaki hai. Wanafika hospitali wamechelewa. Dawa zinaisha stoo. Mzazi anaishiwa na nauli katikati ya matibabu, anarudi nyumbani na mtoto. Na dawa zenyewe nyingi ni zilezile za miaka ya sitini! Asante ya punda ni mateke.

Kwa hivyo ukiniuliza ni wapi Mwafrika alikosewa kwenye hadithi hii, sitakuonyesha siku ile mtoto alipopewa dawa ya kujaribiwa. Dawa ile iliokoa maisha. Nitakuonyesha miaka sitini iliyofuata.

Herceptin, kwa mfano

Kuna watakaosema hayo ni ya zamani. Sawa, tuangalie ya juzi. Herceptin ni dawa ya aina fulani ya saratani ya matiti. Ilianza kuingia miili ya wagonjwa miaka ya mwanzo ya 1990, na Marekani ikaidhinisha mwaka 1998. Mwaka 2025 habari kubwa Kenya ilikuwa makubaliano kati ya Wizara ya Afya na kampuni ya Roche ya kushusha bei yake kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kipindi kimoja, SHA ikilipa. Ni habari njema, na waliopigania makubaliano hayo wapewe maua yao. Lakini piga hesabu: miaka 27. Mama aliyegunduliwa na saratani hiyo mwaka 1999, mtoto wake leo yuko kwenye magrupu haya akisoma posti yangu, na mama hayupo.

Nchi hii ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 mwaka 2022, na vifo zaidi ya 29,000. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha malipo ya saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Uliza yeyote aliyewahi kufungua grupu la mchango wa matibabu hizo pesa zinaisha mwezi wa ngapi.

Sasa, nyinyi mnaotia sahihi

Majaribio ya dawa za saratani yapo Kenya tayari. Hospitali ya Aga Khan University pale Nairobi ina kitengo chake cha utafiti, KEMRI imefanya utafiti wa tiba kwa miaka mingi, na hakuna jaribio linaloruhusiwa bila kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu kulipitisha. Kwa hivyo mlango una bawabu. Mimi nataka bawabu aulize maswali matatu kabla hajafungua.

La kwanza: je, mgonjwa ameambiwa ukweli kwa lugha anayoota nayo? Fomu ya ridhaa ya kurasa ishirini zilizojaa maneno ya mawakili ni ngao ya kampuni. Haimkingi mgonjwa. Nataka sentensi ya kwanza kabisa ya fomu hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, iseme wazi: "Hili ni jaribio la kutafuta dozi. Wengi wanaoingia hawatasaidika. Unaweza kukataa leo au kutoka kesho, na utaendelea kutibiwa." Najua kuna daktari atasema ukweli mkali unavunja moyo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mtu aliyebakiza miezi michache ana haki ya kuchagua kama ataimaliza nyumbani chini ya mwembe wake au kwenye kitanda cha utafiti. Huwezi kumnyima chaguo hilo halafu useme unamhurumia.

La pili: je, mtu wa Mukuyuni anaweza kuingia? Kwa karatasi anaweza. Kwa maisha halisi, jaribio linataka ufike kliniki kila wiki, wakati mwingine mara mbili, ukiwa na nguvu za kutosha kusimama na kutembea. Piga bodaboda, matatu, chakula, mahali pa kulala Nairobi, na mtu wa kukusindikiza ambaye naye ameacha kibarua. Tena wengi wetu tunagunduliwa saratani ikiwa imefika hatua ya nne, tumeshazungushwa na dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima. Tunafika tukiwa wadhaifu kiasi cha kukataliwa. Matokeo yake ni kwamba wanaoingia ni wale wanaokaa karibu na hosi na wenye bima nzuri, halafu ripoti inaandika "wagonjwa wa Kenya". Nauli na malazi yalipwe na anayefadhili jaribio. Mtu akiumizwa na dawa, matibabu yake yalipwe bila kuzungushwa.

La tatu, na hili ndilo kubwa: dawa ikifanya kazi, nini kinafuata? Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani tangu 1964 na uliofanyiwa marekebisho ya karibuni zaidi mwaka 2024, linataka mipango ya baada ya jaribio iwekwe kabla jaribio halijaanza. Kabla! Si baada ya kelele za waandishi wa habari. Kwa hivyo iandikwe mapema: mshiriki anayesaidika ataendelea kupewa dawa bure kwa muda wote inaomsaidia. Na nchi iliyotoa damu ya watu wake ipate bei yake maalum siku dawa ikiidhinishwa, isisubiri miaka 27. Mkataba huo uwekwe hadharani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. Tumieni vyote viwili.

"Mkiwabana, watahama"

Najua hii komenti inakuja, basi niijibu kabisa. Ati tukidai sana, kampuni zitapeleka majaribio kwingine.

Kampuni haziji Afrika Mashariki kwa huruma. Zinakuja kwa sababu wagonjwa ni wengi, wengi wao hawajapitia dawa nyingi kabla, na gharama ziko chini. Hiyo ni mali yetu, na mwenye mali hujadiliana bei. Kenya peke yake ikidai inaweza kuonekana msumbufu. Kenya, Uganda na Tanzania zikidai masharti yaleyale, huyo anayetaka kuhama atahamia wapi? Kama kuna kampuni itakimbia kwa sababu imeombwa isimkatie dawa mgonjwa ambaye dawa inamsaidia, basi hiyo kampuni iende. Ilikuwa ituache tu.

Na kuna komenti nyingine, hii nzuri zaidi: kwa nini tuongelee dawa za majaribio wakati wengi wangeokolewa na kupimwa mapema? Ni kweli kabisa. Chanjo ya HPV ipo Kenya tangu Oktoba 2019, mwanzoni kwa wasichana wa miaka 10, na kila msichana aliyeikosa ni deni letu. Pambania hiyo kwanza. Lakini yule ambaye saratani imeshasambaa hawezi kurudi nyuma apimwe mapema. Ukimwambia "tungekuwahi", umemwambia kwaheri. Yeye pia ni raia. Tena maabara na wataalamu wanaohitajika kuendesha jaribio sawasawa ni walewale wanaohitajika kumgundua mgonjwa mapema. Tukijadiliana vizuri, vitabaki hapa jaribio likiisha.

Sisi watu wa Makueni hatuna sababu ya kuambiwa hayo ni ndoto. Kaunti hii ilianzisha mpango wa matibabu wa shilingi 500 kwa familia kwa mwaka, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, wakati wengine walikuwa wanasema haiwezekani. Kaunti hii imejulikana kwa mikutano ya wananchi inayoanzia kijijini, watu wanakaa chini ya mti wanaulizana pesa zao zimeenda wapi. Kama tunaweza kuhoji bei ya daraja, tunaweza kuhoji mkataba wa dawa. Anayetaka wagonjwa kutoka Makueni aje kwenye baraza, aeleze dawa yake ni nini, imeua wangapi, imesaidia wangapi, na ikifanya kazi tutaipata lini na kwa shilingi ngapi. Wazee watauliza maswali mazuri kuliko yangu.

Na wewe unayesoma hii kwa simu, ukiona tena ile posti ya dawa mpya ya kansa, usiitume na usiitukane. Uliza kwenye komenti: hii ni awamu ya ngapi? Wangapi walisaidika? Mkataba wa baadaye uko wapi? Ukijibiwa matusi, jua umegusa penyewe. Ukijibiwa na ukweli, mpelekee jirani yako mwenye mgonjwa, mkae chini msome pamoja, kwa Kikamba kama itabidi.